Chupa Isiyo na Jina

Wauguzi walimwita Mama Rudisha, na si kwa mapenzi. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la maabara akipokea sampuli, na nyingi akizirudisha: mkojo ndani ya chupa ya soda ambayo bado inanukia machungwa, makohozi ambayo ni mate matupu, damu iliyoganda kwenye chupa ya damu isiyotakiwa kuganda. Kununiwa alishazoea. Kilichokuwa kikimmaliza ni kueleza maneno yale yale, kama mwalimu ambaye kila asubuhi anakuta darasa jipya.

Jumatatu hiyo aliamka magoti yamevimba. Mumewe akamwambia aombe ruhusa.

"Nani atakaa dirishani?"

"Dirisha lilikuwepo kabla yako," mumewe akasema, huku amepiga goti akimfunga kamba za viatu.

Alienda hivyo hivyo.

Saa nne, muuguzi wa wodi ya wanawake, binti aliyeanza kazi mwaka huo, alisukuma chupa ya damu chini ya kioo. Mgonjwa alikuwa anafanyiwa upasuaji mchana, na ilibidi kundi lake la damu lijulikane ili aandaliwe damu ya kuongezewa. Fomu ilijazwa vizuri. Chupa haikuwa na jina.

"Ni ya bibi wa kitanda cha sita, mama. Nimemtoa mwenyewe sasa hivi." Akachomoa kalamu aandike pale pale.

"Hapana, mwanangu. Jina linaandikwa kitandani, mgonjwa akikuangalia. Hapa tutakuwa tunabahatisha."

"Mishipa yake imejificha, nimemchoma mara tatu! Nikamwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

Binti akaondoka macho yamemjaa machozi. Haikupita muda simu ikalia. Daktari wa upasuaji.

"Mnatuchelewesha kwa sababu ya karatasi?"

"Kwa sababu ya jina, daktari."

Simu ikakatwa. Mama Rudisha akaitazama ile chupa. Pitisha tu, akajiambia. Mara moja katika miaka yote hii, nani atajua? Alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Kisha akamwomba mwenzake amshikie dirisha, akachukua kifaa cha kutolea damu, akapanda ngazi moja moja, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu.

Bibi wa kitanda cha sita alimpokea kwa jicho kali. "Na wewe umekuja kunywa?"

"Kidogo tu, bibi, nisamehe. Nitajie majina yako yote."

"Mshaninywa chupa nzima, hata jina hamlijui?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Akamkanda mkono kwa taulo la maji ya moto mpaka mshipa ukajitokeza nyuma ya kiganja. Akachoma mara moja. Akaandika jina kabla ya kuinuka.

Kundi likatoka: O. Binti, aliyekuwa amemfuata mpaka maabara, hakuondoka.

"Na ile ya kwanza?"

"Iliyokataliwa haipimwi," Mama Rudisha akasema.

"Sitaki majibu ya mgonjwa. Nataka kujua mimi."

Mtaalamu wa maabara aliyekuwa akipima makundi ya damu akawatazama wote wawili, akaipima. B.

Binti akakaa juu ya boksi la glavu. Akakumbuka: alitoa damu kitanda cha sita na cha tisa, chupa zote mbili akazitia mfukoni, na ya kitanda cha tisa akaiandika mezani. Aliyoiandika ndiyo iliyokuwa ya bibi. Wakaikimbilia na kuitoa kwenye foleni kabla haijapimwa, na mgonjwa wa kitanda cha tisa akatolewa damu upya.

"Nitafukuzwa?"

"Utaandika kilichotokea, chote. Mimi nitatia sahihi chini yako. Futa uso kwanza."

Mama Rudisha alidhani atafurahi, angalau kidogo. Badala yake alitamani kulala pale pale, kichwa juu ya daftari. Kama angeipitisha ile chupa, bibi angeongezewa damu isiyo ya kundi lake kwa uangalifu mkubwa, tone kwa tone, na kila fomu ingekuwa sahihi.

Daktari hakupiga simu tena. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tisa bibi alipitishwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, akimgombeza mwanawe kwa kumsukuma kwa kasi. Mama Rudisha alimpungia mkono kutoka nyuma ya kioo. Bibi akamtazama, hakumkumbuka, akaendelea na ugomvi wake hadi mlangoni.