Jioni za Kujifunza Kugombeza

Katika miaka ya hamsini, kwenye vilima vya Masisi, niliwahi kusoma iniversite, yaani chuo kikuu. Msicheke. Iniversite yenyewe ilikuja ndani ya pikapu, nayo ilikuwa kijana mmoja mweupe mwenye shingo nyekundu, tuliyemwita profesa. Ilifundisha jioni katika darasa la kwanza la shule ya misheni, watoto wakishakwenda nyumbani. Viti vilikuwa vya watoto. Wanaume wazima wenye ndevu tulikaa magoti yakikaribia kidevu, nguo zikinuka pareto, tukafundishwa namna ya kuongoza watu.

Mchana nilikuwa napima maua ya pareto kwenye mizani ya shamba la mzungu mmoja. Kapita wetu, msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa amezeeka, na bwana wa shamba alikwisha kutangaza kwamba kati yetu sisi wawili, mimi na mwenzangu wa ghala, atakayeshinda kozi njo atakuwa kapita. Atakayeshindwa atateremshwa Walikale, kwenye mashamba mapya ya mawese. Walikale yenyewe sikuiogopa. Nilimwogopa papa mukwe.

Papa mukwe alikuwa mkulima wa maharage, mtu wa kanisa, mzaliwa wa kilima kile kama baba yake. Aliposikia habari za Walikale alimtuma mdogo wake aniletee ujumbe mfupi: mimi nikitaka kushuka porini nishuke, lakini binti yake atabaki. Alimtuma mtu kwa sababu kwetu mkwe na baba mkwe hawaambiani mambo mazito uso kwa uso. Humtazami machoni, hupandishi sauti mbele yake, na mkikutana njiani wewe njo unaingia kwenye majani ili apite. Ukimvunjia heshima, mke anarudi kwao, na kumtoa huko si kazi ndogo. Nami nilimpenda mke wangu. Nalisema waziwazi leo kwa kuwa siku zile hatukuwa tukisema mambo hayo.

Basi, jioni ya kwanza naingia darasani, nani amekaa kiti cha nyuma na viatu vyake vya Jumapili? Papa mukwe! Padri alikuwa amewaalika wazee wa vilima nao wajifunze. Nilikwenda mbele kabisa, kwenye kona, nikageukia ukuta. Profesa alidhani nina bidii.

Alituandikia kwenye tablo kwamba kiongozi anatazama watu machoni, na kwamba kiongozi anasema wa kwanza. Tuliandika yote. Wazee wa nyuma waliguna, maana kwao mkubwa husema mwisho, wengine wakishachoka. Siku moja alichora duara lenye mishale mingi, akauliza kama kuna swali. Katekista mmoja aliuliza kama profesa anafahamu mvua ile itakatika lini. Profesa akasema hilo halimo kwenye kozi.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa kuandika. Kila mtu angesimama mbele awe kapita, mwenzake awe mfanyakazi aliyechelewa, na kapita amgombeze kwa sauti, macho kwa macho. Profesa aliongeza kwamba atakayeweza kumgombeza mtu aliyemzidi umri atapata alama nyingi zaidi. Hilo lilimpita kila mtu, isipokuwa mmoja.

Zamu yangu ilipofika, profesa aliuliza nani atakuwa mfanyakazi. Nilikuwa nimepatana na katekista, tumejizoeza naye hadi nikawa namgombeza vizuri kabisa. Lakini kiti cha nyuma kililia, na papa mukwe akasimama. Alikuja polepole, akavua kofia, akasimama mbele yangu ameinamisha kichwa.

Jasho lilinitoka, na Masisi ni baridi. Profesa akasema nianze. Nikatazama taa. Nikaugombeza mlango, kwa sauti ya chini, kwamba wako watu, sisemi nani, ambao pengine hufika jua likiwa limepanda kidogo, na bila shaka wanazo sababu zao nzuri. Profesa akasema, machoni. Papa mukwe akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, nikajua ananionya nisithubutu. Nikarudi nyuma, nikainama, nikamwomba radhi kwa kusimamishwa hivyo mbele ya watu. Wazee wote walifurahi, wakasema njo mukwe huyo. Profesa akanipa sifuri, na mwenzangu wa ghala akawa kapita.

Kesho yake jioni papa mukwe alikuja kwangu mwenyewe, bila kumtuma mtu, na hilo peke yake lilitosha kunitisha. Alisimama uwanjani, akamgeukia mke wangu aliyekuwa anachambua maharage, lakini maneno yalinilenga mimi.

"Ambia huyu bwana yako," alisema, "mimi nilisimama mule ndani ili anigombeze. Muzungu alisema kugombeza muzee kuko na alama mingi. Nikasema, acha nipate haya mbele ya batu, mutoto yangu abakie hapa. Nilikohoa mpaka kifua kikauma. Yeye ananipa heshima. Heshima gani hii ya kuninyang'anya mutoto?"

Kumjibu hakukuruhusiwa. Lakini nilikasirika sana. Mtu anajitoa kafara bila kumwambia yeyote, halafu anakuja kulalamika kwamba hakuchinjwa!

Mke wangu aliweka ungo chini. "Nyinyi wawili mulienda kusoma kuongoza batu, na mvua yote ile," alisema. "Nani aliniuliza mimi? Papa, ulikataa wewe. Mimi sikukataa Walikale. Mimi naenda na bwana yangu."

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilisikia furaha kubwa, na nilijitahidi isionekane, kwa sababu mzee alikuwa amekaa chini kwenye udongo na suruali yake nzuri.

Siku ya kuondoka alitubebea gunia la maharage hadi barabarani. Baba mkwe kubeba mzigo wa mkwe ni jambo ambalo watu walitoka majumbani kulitazama. Alilipandisha kwenye lori, akampandisha binti yake, akamshika mkono. Dereva akawasha injini, mzee hakuachia. Dereva akapiga honi, bado hakuachia. Mke wangu alikuwa analia na hakuweza kusema neno. Wajomba zake walitazama pembeni. Lazima mtu amwambie, na aliyekuwa karibu ni mimi.

Nilimtazama machoni. "Papa," nikasema, "achia."

Akaachia, na lori likaanza kuteremka.