Athmani na Mtaro Tuliomwachia Peke Yake

Mpaka sasa kichwa changu kinakataa. Jana tumemzika Athmani, na leo asubuhi nimejikuta nampigia simu kumuuliza kama amefika kazini.

Kwa wasiomjua: tulikaa meza moja kwenye ofisi ya clearing, ya kutolea watu mizigo bandarini, kule Kilindini. Yeye na documents zake, mimi na kelele zangu.

Uchaguzi huu tulipiga kura tofauti na ofisi nzima ilijua. Siku ya matokeo aliniletea mahamri, akaniambia, "Kula, ndugu yangu. Kushindwa kwatia njaa." Nilimnunia mpaka adhuhuri.

Mtaani kwao, Mji wa Kale, haikuwa mzaha. Baraza ya kahawa iligawanyika: huku walioshinda, kule walioshindwa. Muuza kahawa akawa avuka njia na dele lake, birika lile la kahawa, kuwahudumia majirani wasiosalimiana.

Na katikati yao mtaro umeziba. Taka, tope, maji meusi yanayolowesha kuta za nyumba kuukuu. Walioshindwa walisema, "Diwani ni wenu, mwiteni azibue." Walioshinda wakajibu, "Nyinyi ndio mwatupa taka makusudi, ili aaibike." Miezi ikapita hivyo.

Athmani alichoka. Ijumaa baada ya swala alipita mlango kwa mlango, pande zote mbili, akiomba watu watoke Jumamosi asubuhi na mabeleshi. Kila mtu alimwambia inshallah. Mwatujua watu wa Mombasa, hatumkatalii mtu usoni.

Jumamosi ilinyesha. Mimi nilikuwa shifti bandarini. Akaniandikia: "Niko peke yangu. Wote wanichungulia madirishani, kila mmoja angoja wa upande wa pili atoke kwanza. Naanza."

Hakuniandikia tena. Ukuta wa nyumba mbovu iliyo kando ya mtaro, ulioloa miezi yote ile, ulimwangukia.

Mazishini watu hawakukosekana. Jeneza lilipotoka tuligombania kulibeba, bega kwa bega, walioshinda na walioshindwa, kila mtu ataka thawabu zake. Niliitazama ile mikono yote. Robo yake tu ingetosha kuuzibua mtaro kabla ya chai. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Hata matanga hayajapoa, wakaanza kulaumiana. Kosa la diwani. La, kosa la wanaomhujumu diwani. Mamake Athmani, Bi Zuhura, akawasikia kutoka ndani. Hakupaza sauti.

"Mwanangu alipita kwenu nyote. Hakumuuliza mtu amempa nani kura. Sasa mwagombana ili nini? Mtaro u pale pale."

Watu waliinamia vikombe vyao.

Athmani, sitakudanganya kwamba tumebadilika. Mvua ingali yanyesha na maji yamesimama. Lakini nimeomba ruhusa kwa bosi, na Jumamosi hii naanzia pale ulipofika. Nawe unayesoma hapa, uliyempigia kura yeyote yule, emoji zako za machozi sizitaki. Njoo na beleshi, na usingoje mwenzio atoke kwanza.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu. Ulituita ukiwa hai, tukaja umekufa.