Trekta Lililompeleka Dada Kanisani

Harufu ya dizeli ikichanganyika na udongo uliolowa hunirudisha kijijini kwetu Hombolo, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka tisa. Mjomba Ndahani, kaka yake mama, alikuwa dereva wa trekta, na alipopumzika kulima sisi watoto tulimzunguka atusimulie habari za magari. Aliyoipenda kuliko zote ilimhusu Mwitaliano mmoja aliyetengeneza matrekta mpaka akatajirika, akanunua gari la kifahari, nalo likawa linamsumbua klachi. Inasemekana alipokwenda kulalamika kwa aliyeliunda, aliambiwa abaki na matrekta yake. Akarudi kiwandani na hasira, akaunda gari lake mwenyewe, na leo matajiri wanalipigania. "Gari lile mama yake ni trekta," mjomba alimalizia, kwa sauti ya mtu anayetaja ndugu zake.

Sisi tulicheka. Dada Mbeleje, mkubwa wetu, hakucheka. Alikuwa anaolewa na mwalimu wa Dodoma mjini, na alishawatangazia rafiki zake kwamba ataingia kanisani kwa gari jeupe la kukodi, lenye viti vya ngozi. Mimi nilichaguliwa kumshikia shela.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari jeupe lilifika kweli, likatupakia, halafu likazama kwenye tope jeusi la bondeni. Dereva alikanyaga mafuta mpaka magurudumu yakafichika. Dada akaanza kulia, wanja ukimchuruzika. "Wakwe wako kanisani wananisubiri, na mimi nimenasa hapa kama ng'ombe," alisema.

Mjomba akaja na trekta, amevaa suti, suruali kaikunja hadi magotini. Alifunga mnyororo alivute gari, lakini bampa likaanza kung'oka na dereva akamsihi aache. Mjomba akamgeukia dada. "Mama, panda huku twende."

"Mjomba, siwezi kwenda kuolewa nimepanda trekta."

Nilikuwa nimeinua shela lisiguse tope, mikono imechoka. Nikamwambia, "Dada, hata lile gari la matajiri mama yake ni trekta. Sasa unamkataa mama mtu?"

Alinitazama, akalitazama trekta. Kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika, akavua viatu, akapanda. Tulifika kanisani tumekaa juu ya madigadi ya tairi kubwa, tumetandika khanga, na vigelegele vya wakwe vikauzidi mngurumo wa injini. Baada ya ibada bwana harusi aliyakataa magari ya ndugu zake, akataka naye apandishwe.

Siku hizi naishi Dodoma mjini, na njia ya kwetu imetengenezwa vizuri. Jumamosi misafara ya harusi hunipita, magari yanang'aa, vioo vyeusi vimefungwa, nami hukaza macho nijue kama bibi harusi anacheka. Wa kwetu alicheka kijiji kizima kikimwona.