Giza la Inchi Hamsini na Tano

Mimi si mtu wa stori za majini. Ukinisimulia yako nitakukatiza nikuulize ulikuwa umelala saa ngapi na umekunywa nini. Kwa hiyo nikikuambia kwamba haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya duka la vifaa vya umeme pale Tunduma, umeme upo na mimi sijaonja hata soda, ujue nimeshajihoji vya kutosha kabla ya kufungua mdomo.

Nafanya kazi na wakala wa kutoa mizigo mpakani. Boksi likiandikwa sabuni, mimi nalifungua kutafuta kisicho sabuni. Miaka yote hiyo imeniharibu. Mke wangu anasema maziwa nayanusa hata kama nimesimama pale ng'ombe akikamuliwa. Ni kweli, nayanusa. Watu wanadanganya, na wengi wanadanganya wakiwa wanatabasamu.

Sasa, TV niliyokwenda kununua ilikuwa ya baba. Baba yangu analima kahawa kule Iyula, na tangu mama afariki alikuwa anapungua mbele ya macho yetu. Ugali anaumega, anaufinyanga, anaurudisha kwenye sahani. Siku moja nimekwenda kumtazama akaniambia, bila kulia, "Mwanangu, sura ya mama yako inanitoroka. Nikifumba macho naona kitenge chake, yeye simwoni."

Niliumia. Video ya mama tunayo, tena nzuri, ya sendofu ya mdogo wangu Rehema, siku tulipomuaga kwenda kuolewa. Sherehe ilifanyika uani kwetu, jioni hadi usiku, chini ya turubai, na mpiga video alilipwa akafanya kazi yake. Mama alicheza siku ile kama msichana. Hazikupita wiki nyingi presha ikamchukua. Lakini baba ana macho mabovu, na TV yao ya chogo, ile nene ya kizamani, ilikuwa imeshakufa. Nikimwonyesha kwenye simu anasema anaona sisimizi. Ndiyo nikaamua nimnunulie kubwa, ya inchi hamsini na tano, amwone mkewe vizuri. Nilikuwa na hofu kwamba asipomwona, atamfuata.

Dukani nilipokelewa na muuzaji anaitwa Osia. Wateja wa Zambia anawasalimia kwa Kibemba, "mulishani", sisi wengine anatuita mabosi. Alikuwa amewasha TV tatu ukutani, zote zinaonyesha maua na samaki wa rangi. Nikamwambia azime samaki wake. Samaki wa dukani wanapendeza hata kwenye TV mbovu, wamechaguliwa kwa kazi hiyo. Nikatoa flashi yangu yenye ile sendofu, yeye akachomeka waya unaogawa picha moja kwenda kwenye TV zote tatu.

"Hii ya kwanza ni LED ya kawaida, bosi," akasema. "Taa zake zinawaka nyuma ya kioo kizima, hata penye giza. Ndiyo maana nyeusi yake inakuwa kijivu. Ya katikati ni QLED. Ni ndugu yake huyo huyo, ila rangi zimenogeshwa. Sebule yenye madirisha makubwa inafaa. Hii ya tatu ni OLED. Kila kidoti kinajiwasha na kujizima chenyewe, penye giza kimezima kabisa. Hata ukikaa pembeni haipauki."

"Ubaya wake?"

"Nembo ya stesheni ikikaa sana inaacha alama. Na bei, bosi, sikufichi."

Nikampenda kidogo kwa hilo la kutaja ubaya. Kidogo tu.

Picha ikaanza. Kwenye ya kwanza mama alikuwa amepauka usoni, na usiku nyuma yake ulikuwa wa kijivu kama majivu yaliyomwagiwa maji. Kwenye ya katikati kitenge kiliwaka, uso ukang'aa kama kapakwa mafuta. Kwenye ya tatu, ndugu yangu, usiku ulikuwa usiku. Mama alitokea gizani kama anatoka mlangoni kwetu kuja kunipokea. Nilimwona hadi kovu dogo la kidevuni. Nilishika kaunta.

"Chukua ile ya kwanza."

Sauti ilitokea begani kwangu. Nikageuka. Alikuwa mzee mrefu, amevaa sweta la kijani lililoshonwa kiwikoni kwa uzi mwekundu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Wewe umeshaona wapi mzee wa kwetu akapewa shikamoo asiitikie? Hata mgonjwa aliyelazwa anaitikia.

"Macho ya baba yako yanataka mwanga," akasema. "Hiyo ya tatu inaonyesha mno."

Akili yangu ikaenda moja kwa moja: dalali. Duka lina LED zimelala bila wanunuzi, wamempanga mzee wa watu asimame hapa ajifanye mteja. Habari za baba atakuwa amezisikia nilipokuwa naongea na Osia. Lakini niliongea na Osia habari za baba? Sikuwa na hakika. Nikamkazia macho. Yeye hakuniangalia hata mara moja, alikuwa anaitazama ile OLED, tena kwa wasiwasi, kama mtu anayeangalia askari akipekua begi lake. Hayo macho nayajua. Nayaona kila siku kazini. Ajabu ni kwamba siku ile sikujiuliza anaficha nini, nilijiuliza ananiibia nini.

"Mzee, pesa ni yangu," nikamwambia.

"Chukua ya kwanza, nakuomba."

Ameniomba! Hapo ndipo nilipochukia kabisa. Nikamwambia Osia afunge ile ya tatu. Mzee akashusha pumzi, akasema, "Haya. Usije ukasema sikukwambia," akatoka.

Nikamwacha atangulie kidogo, halafu nikachungulia nje nimkamate anapogawana chochote na mtu. Malori yalikuwa yamebanana barabarani, hata bodaboda haipiti. Mzee hayupo. Nikarudi kwa Osia na hasira zangu.

"Yule dalali wenu mnamlipa kiasi gani?"

Akanishangaa. "Dalali gani? Yule si baba yako? Mmeingia naye."

Nikacheka. Niamini, nilicheka kweli, nikaona kijana anajua kudanganya.

TV ikafika Iyula, fundi akaifunga, na baada ya chakula cha jioni nikamweka baba kwenye kiti chake cha pembeni, nikachomeka flashi. Mama alipotokea, baba alinyanyua mkono kama anataka kumgusa. Kisha akalia, halafu akacheka, halafu akaita aletewe tena ule ugali aliokuwa ameuacha. Akaula wote. Nilitoka nje nikasimama kwenye mibuni nikamshukuru Mungu, maana nilijua baba yangu amerudi.

Niliporudi ndani alikuwa ameishika rimoti, amesimamisha picha.

"Mwanangu, huyu wa nyuma ya mama yako ni nani?"

Nyuma ya kiti cha mama, kule ambako kwenye TV zile mbili kulikuwa na kijivu kitupu, mtu alikuwa amesimama. Mrefu. Nikasogea hadi pua ikakaribia kioo. Sweta la kijani. Kiwikoni, uzi mwekundu.

Baba anawajua watu wote wa Iyula, na wa kijiji jirani cha Isansa anawajua nusu. Huyo hamjui. Kesho yake nikaiangalia video ile ile kwenye simu, hakuna mtu. Nikaenda nayo kwa jirani mwenye LED ya kawaida, nikaona majivu tu. Sasa niambie wewe, ni alama ya kioo? Kasoro ya kamera? Nilitamani iwe hivyo. Nimefungua maboksi maisha yangu yote na siku hiyo nilitamani nisingefungua.

Nikamdanganya baba. Mimi, mimi ninayewachukia waongo. Nikamwambia ile TV ina hitilafu inarudi dukani, nikamwekea LED ya kawaida. OLED ipo stoo mpaka leo, nimeifunika blanketi na magunia ya kahawa juu yake.

Baba aliitazama mpya siku mbili tatu. Akaanza tena kuufinyanga ugali. Jumapili moja baada ya ibada akaniita nikae karibu naye.

"Niletee ile TV."

"Baba, ni mbovu."

"Si mbovu. Uliogopa yule mtu. Mimi nimemtazama sana ulipokuwa huko nje, ana adabu. Mama yako alipochoka kucheza akayumba, sisi wote tulikuwa tunaruka na hakuna aliyemwona. Yeye ndiye aliyemsogezea kiti akakaa. Nikiona hivyo moyo unatulia, najua hakwenda peke yake."

Nilimshika mkono. Yeye akaendelea, kwa upole kabisa, kama anayemtuliza mtoto:

"Ila wimbo wa mwisho alimwacha mama yako. Alihama. Alikuja kusimama nyuma yako wewe kule gizani, ambako hii TV mpya haionyeshi kitu, anakushikia kiti. Nikairudisha nyuma nikuulize, sikufika mwisho. Niletee nione kama ulikaa."

Hivyo ndivyo ilivyo, na sijaongeza chumvi. Baba anakula kidogo kidogo, na kila wiki ananiuliza habari za ile TV. Stoo sijaingia. Nakaa nakumbuka usiku wa sendofu, wimbo wa mwisho, nilikuwa nimechoka, na nyuma ya magoti yangu kulikuwa na kiti. Nilikaa? Wallahi sikumbuki.

Rehema ananipigia simu anataka flashi, mumewe amenunua TV kubwa huko Vwawa. Nimemwambia imepotea. Ananuna, acha anune. Nawe kama una video ya sherehe ya usiku yenye watu unaowapenda, itazame kwenye simu, au nunua TV ambayo giza lake ni majivu. Na ukialikwa mahali, ukasikia kiti kimegusa miguu yako kwa nyuma, geuka kwanza umwone anayekukaribisha. Kazini wananicheka siku hizi kwa sababu nakula nimesimama.