Fundi Nzembi na Mtihani wa Theluji

Kwa miaka kumi na tisa Nzembi wa Kivaa alijenga kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa hata kwa kijiti kimoja cha kuni. Nyumba zake zilikuwa na ubaridi mchana, wala hazikuvuja. Cheti cha ujenzi wa kutunza mazingira kilipoanza kutolewa, mtahini alikupa mwiko akakaa kukutazama ukisimamisha kona ya ukuta. Hilo Nzembi aliliheshimu.

Mwaka 2006, alipojiandikisha, mtihani ukabadilishwa. Hakuna udongo, hakuna mwiko. Maswali sitini ya kuchagua jibu, kwa Kiingereza, ukumbini mjini Machakos. Mtahini mpya, Festus, kijana wa viatu vinavyong'aa, alitangaza kwamba taaluma imepiga hatua.

"Wewe umewahi kushika tope?" Nzembi akamuuliza.

"Mama, hiyo haiko kwa mtihani."

Swali la kumi na nne lilitaka kujua namna ya kuzuia joto lisitoke chumbani wakati wa theluji. Nzembi alicheka hadi wenzake wakageuka. Akaandika pembeni: Kivaa hakuna theluji. Akaanguka mtihani. Aliyefaulu ni Muthoka, muuza kalamu na madaftari, aliyekariri kitabu chote na hakujua timazi, ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, hushikwa vipi.

Kwa cheti hicho Muthoka akapewa kusimamia ujenzi wa bweni la wasichana huko Kyumbi. Akashindilia udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji. Mvua ya kwanza tu, kuta zikapasuka. Akamkimbilia Nzembi.

"Mwaitu, mama yetu, nisaidie. Niko na shida."

Walipofika Kyumbi, Nzembi aliokota tofali, akalivunjavunja kwa kidole gumba kama ugali wa jana.

"Kitabu kilisema nini juu ya udongo?"



Nzembi alimdharau Muthoka kabisa, lakini wasichana wa watu wangelala humo. Akaamuru kuta zibomolewe, akatafuta udongo mwekundu, akajenga upya kwa mikono yake, Muthoka akimbebea maji. Siku ya ufunguzi, kibao cha mlangoni kilikuwa na jina moja tu: Muthoka, mtaalamu. Festus akampa mkono wa pongezi, kisha akamgeukia Nzembi.

"Jaribu tena mwakani, mama. Mtihani umebadilishwa tena."

"Mkianza kuuliza habari za udongo, niite," Nzembi akasema. Akatema mate pembeni, akashika njia ya Ndithini, ambako mjane mmoja alikuwa akimngojea aje kumchimbia msingi.