Maganda ya Min Odhiambo

Enzi zetu pale Kisegi, soko lilipofungwa ndipo siku yetu ilipoanza. Mama alinipa gunia, yeye akabeba beseni, tukapita kibanda hadi kibanda tukiokota maganda ya mananasi, majani ya nje ya kabichi, mashina ya sukuma wiki na ndizi zilizopondeka. Harufu yake bado ninayo puani, utamu wa nanasi uliochanganyika na dagaa wa omena wa jirani. Kila muuzaji alimwekea mama lundo lake chini ya meza. Mtoto akilipiga teke, aliambiwa, "Wacha hiyo, iko na mwenyewe. Ni ya Min Odhiambo." Ndivyo walivyomwita mama, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Na Krismasi, dume alilolinenepesha kwa maganda hayo likichinjwa, hakuna aliyeweka maganda akakosa kipande cha nyama.

Nyumbani kazi ilikuwa kukata. Maganda ya muhogo yalianikwa kwanza mpaka yakauke kabisa, maana mabichi yana sumu. Embe lilitolewa kokwa. Kiazi kitamu, hata kiwe kidogo kama kidole gumba, kilikatwa. "Ng'ombe hana meno ya mbele juu," mama alikuwa akisema, "na hana mikono ya kujitolea kitu kooni. Mikono yake ni wewe." Tukakata mpaka vidole vikanata. Siku hizi mtoto akimenya chungwa moja anatafuta wa kumpiga picha.

Mwaka mmoja Krismasi yetu ilikuwa ya mboga, kwa sababu dume la mwaka ule, Rateng', yaani mweusi, alikuwa wa mahari ya Odhiambo. Mjomba wa bibi harusi alikuwa aje kumkagua. Asubuhi hiyo kaka alimtazama ng'ombe akaona tumbo halijatuna vya kutosha. Mapenzi yalishamtoa akili. Akammwagia maembe mazima.

Haikupita muda Rateng' akanyoosha shingo, mate yakimtiririka, ubavu wa kushoto ukifura. Mimi nililia, kwa maana nilimkatia chakula tangu akiwa ndama. Odhiambo alishika kichwa, akiona bibi harusi anamponyoka hivi hivi.

Mama hakumgombeza mtu. Alivua bangili, akajipaka mafuta ya kupikia mkono mzima, akamwambia kaka abane kipande cha mti katikati ya magego na kuushika ulimi. Mkono ukazama hadi kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umeshika embe dogo la kijani. Rateng' akabeua mbeuo mrefu, na tulipogeuka tukamwona mjomba amesimama langoni, kofia mkononi.

Mama alijifuta kwa leso. "Karibu, mzee," akasema. "Ng'ombe ameshakula, umebaki wewe."

Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti. Siku Rateng' alipoondoka kwenda ukweni, mama alimsindikiza hadi barabarani na beseni lake, akimlisha ganda moja moja. Jioni ile hatukwenda sokoni.

Mama tumeshamzika. Odhiambo naye sasa ni mzee wa mvi, ananenepesha madume ya nyama pale pale nyumbani, na ana mashine ya kusaga maganda. Wanawe wanatafuta kwenye simu ng'ombe apewe nini, na nyuma yao mapera yanaoza chini ya mti. Lakini maembe haruhusu mtu ayaguse. Anayakata mwenyewe kwa kisu, ameketi kwenye kigoda cha mama.

Mimi ninaishi Migori mjini. Juzi jioni nilipita sokoni wakati watu wanafunga, nikakuta lundo la maganda ya nanasi limemwagwa kando ya barabara, bado yanatoka maji. Nikasimama. Nilimkumbuka mama. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akikunja turubai lake, "Haya ni ya nani?"

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepotea njia.

"Hiyo ni takataka tu, mathe. Haina mwenyewe."

Nilitaka kumwambia inaye, ila mwenyewe amechelewa.