Ndege ya Robo Saa

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ofisi ya kukata tiketi za ndege, Mji Mkongwe, na nilikuwa nikiachiwa safari za Pemba na Dar es Salaam tu. Safari za nje alizishika bosi mwenyewe. Siku hiyo bosi alikuwa ametoka, akaingia mama mmoja wa Uroa, mkulima wa mwani, vidole vimechakaa kwa chumvi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka kwenda kwa wanangu."

Wanawe walikuwa kule juu kabisa ya dunia. Wa kiume alifanya kazi ya hoteli kaskazini ya Ufini. Wa kike aliolewa kaskazini ya Norway, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama alitaka afikie kwa mwanawe, akae wiki moja, kisha aende kwa binti yake kabla hajajifungua. Viza alikuwa nayo.

Kumfikisha kwa mwanawe hakukuwa na tabu. Tabu ilikuwa kutoka hapo kwenda kwa binti. Nilitafuta kwenye kompyuta nikaona ndege ndogo inayokwenda moja kwa moja baina ya miji ya wanawe hao wawili. Inaondoka saa saba mchana, inafika saa saba na robo.

Bosi akarudi, akachungulia begani kwangu, akacheka.

"Kilomita mia nne na ushei kwa robo saa? Hiyo ndege au risasi? Kompyuta imekosea. Mpitishe miji mikuu ya nchi zote mbili, abadilishe ndege mara mbili."

"Huko kwenye kubadilisha nani atanionyesha njia?" mama akauliza.

"Utauliza."

"Kwa lugha gani?"

Bosi akaanza kupanga karatasi mezani kwake. Hapo ndipo nilipokasirika.

"Kompyuta haijakosea," nikasema. "Ndege inakwenda saa nzima na robo. Saa za Ufini zimetangulia za Norway kwa saa moja. Akipaa saa saba kwa mwanawe, kwa binti yake ni saa sita."

"Wewe hata Mombasa hujafika. Saa za huko umezijulia wapi?"

"Nimesoma."

"Ukikosea, mama huyu atakwama kwenye theluji."

"Nikikosea niandikie barua ya kuniachisha kazi. Nitaipokea."

Mama alitutazama sote wawili, kisha akanigeukia mimi.

"Nikatie hiyo hiyo. Mie kila siku nafuata maji yanavyokupwa na kujaa, na hayajapata kunisubiri. Saa za watu zitanishindaje?"

Nikamkatia, bosi amesimama palepale.

Wiki chache baadaye binti yake alipiga simu ofisini. Mama alifika salama, akashuka na mkoba wake mkononi bila ya kumuuliza mtu njia. Siku ya nne mtoto akazaliwa, wa kike. Njia nzima, binti alisema, mama alivuta tasbihi, na alipotua bado alikuwa hajachoka.

Nilimweleza bosi. Akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea na kazi zake. Hakuniomba radhi, wala mimi sikungoja.

Asubuhi yake nilifika mapema, nikachukua faili la safari za nje mezani kwake, nikaliweka kwangu.

"Nani kakuruhusu?" akauliza alipoingia.

"Hakuna," nikamwambia, nikamkaribisha mteja wa kwanza.